Jeki Ndiye Mkubwa

Kitu kikiingia mvunguni hakitoki kwa kuamrishwa. Mwenye haja nacho hupiga magoti. Salum, mtu wa Unguja aliyekuwa fundi cherehani mtaa wa Doornfontein, Afrika Kusini, aliyajua hayo tangu utotoni, ila magoti yake yalikuwa mazito.

Alichokitamani ni mazungumzo na bintiye. Fauzia alizaliwa Johannesburg, akafiwa na mama angali mdogo, na Kiswahili alikielewa chote bila kukisema. Baba akiuliza kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza, maneno mawili, basi. Mwaka huo wa 2018 alipata kazi mji wa Midrand, na mwisho wa mwezi angehama. Salum akawa anahesabu siku, moyo unamuuma.

Jumamosi moja akamwita mkekani amfundishe wahedi na sitini, mchezo wa kwao.

"Kila mtu hutupa karata moja, iliyo kubwa hula. Turufu hula rangi zote. Ukivuna pointi sitini na moja, umeshinda. Ree, hii yenye herufi A, ndiyo kubwa, kisha saba, ndipo mfalme."

Fauzia, aliyeiona saba kuwa ndogo, akaitupa saba ya turufu ovyo, ikaliwa na ree ya turufu.

"Nimesema nini sasa hivi?" Salum akafoka. "Hayo ni masikio au vifuniko vya sufuria?"

Binti akaweka karata chini, akaingia chumbani. Tangu hapo hata yale maneno mawili yakaadimika.

Zilipobaki siku mbili, Salum alimeza kiburi chake akabisha mlango.

"Mwanangu, nasikia wewe na wenzako mnacheza karata za thuni. Nifundishe, tafadhali."

Fauzia akagawa karata. Akaeleza kwa Kiingereza kwamba katika mchezo huu wa Wahindi wa Durban, jeki, yaani karata ya J, ndiye mkubwa, akifuatwa na tisa. Kiingereza cha Salum kilikuwa cha kupimia suruali tu. Akaitikia bila kuelewa, akamtupa jeki kama takataka.

"Eish, Baba," Fauzia akasema, halafu akasita, akitafuta maneno. "Umetupa mkubwa. Huyo... huyo anakula wote."

Salum akatazama chini machozi yasionekane. "Sijaelewa, mwanangu. Nieleze tena."

Akaeleza tena, polepole, Kiswahili chake kikichechemea, na baba hakumsahihisha hata neno moja. Walicheza mpaka chai ikapoa.

Fauzia alihama kweli, na chumba kikabaki kitupu. Lakini kila jioni simu ililia, na sauti ikasema, "Shikamoo, Baba. Umekula nini leo?" Mtaka cha mvunguni sharti ainame.