Ng'ombe wa Bi Pimbi na Mifuko ya Mtemi

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, na wewe mtoe mdogo wako huo mfuko mdomoni, utoe wote, hata kipande kisibaki. Haya, hapo zamani za kale wanyama walikuwa na nyumba kama zetu na jiko kama letu, na kila mwenye uwezo alifuga ng'ombe.

Mtemi wao alikuwa Tembo. Siku ya kusimikwa kwake aligawa mifuko ya plastiki yenye picha yake, anacheka, pembe zinameta. Kila nyumba ilipewa rundo zima, isipokuwa nyumba ya Bi Pimbi. Fisi, aliyekuwa anagawa, alimwambia mifuko ni ya wakubwa, mtu wa kimo chake angepotelea ndani. Wakacheka. Bi Pimbi akamweka mwanawe mgongoni, akarudi kwake mikono mitupu.

Basi mifuko ile ikawa sifa. Ukimenya ndizi, maganda unayatia kwenye mfuko wa Mtemi, unakaza fundo, unatupa jaani, pu! Ugali uliochacha nao, pu! Kutupa maganda wazi kukawa ushamba. Bi Pimbi, mshamba wao, aliyakatakata maganda yake akampa ng'ombe wake Nakshi pale pale zizini, na yaliyooza akayafukia shimoni migombani.

Haukupita mwaka, ng'ombe wakaanza kuumwa. Anavimba tumbo, anaacha kucheua, anakonda mpaka mbavu zinahesabika, halafu bwata, yuko chini. Wa Nyati wawili, wa Twiga mmoja, wa Mtemi mwenyewe watatu. Mchunaji alikuwa Fisi, na kwa mila yao matumbo ya ng'ombe aliyekufa ni ya mchunaji, huyabeba nyumbani kwake, hayafunguliwi mbele za watu. Fisi akanenepa.

Mtemi akaita baraza. Wakaongea tangu asubuhi, wakaunda kamati, kamati ikala, ikarudi na jibu kwamba ni uchawi. Mchawi nani? Fisi akasema hilo halihitaji elimu.

"Ng'ombe wa nani hajaumwa?"

Wote wakamgeukia Bi Pimbi.

Hukumu ikatoka hapo hapo: Nakshi atachukuliwa awe fidia ya Mtemi; akaletwa, akafungwa pale barazani. Bi Pimbi akaogopa. Maana yule mtoto wa mgongoni hakuwa na kingine, maziwa ya mama yalishakauka, ni kikombe cha Nakshi asubuhi na kikombe jioni, basi. Lakini kuogopa si kufa, wanangu. Mtu anaogopa na huku anafikiri.

Akapiga magoti. "Mtemi, baba, hukumu siikatai. Ila mimi na udogo huu, nimewamalizaje peke yangu? Labda ninaye mwenzangu. Dawa ya mchawi hukaa tumboni. Apasuliwe ng'ombe aliyekufa leo, tuone ni ya nani."

Fisi akadakia kwamba matumbo ni haki yake, mila ni mila.

"Bwana Fisi," akauliza Bi Pimbi, "unahofia nini kikionekana?"

Nyati, aliyepoteza wawili, akamtazama Fisi kwa jicho la pembeni, akasema yeye anataka kuona.

"Lakini tule kiapo kwanza," Bi Pimbi akasema. "Ambaye kitu chake kitakutwa tumboni mwa ng'ombe huyo, mchawi ndiye, na ng'ombe atoe yeye. Nianze mimi, au aanze mkubwa?"

Sasa, mkubwa gani akubali kutanguliwa na pimbi? Tembo akainua mkonga, akaapa kwa mama yake, kwa pembe zake, kwa kiti chake. Wengine wakaapa nyuma yake.

Kisu kikapita, shwaa! Nyati akaingiza mguu tumboni, akavuta, akavuta tena. Likatoka bonge limesokotana, linachuruzika maji ya kijani. Bi Pimbi akalifumua, akaanza kulitandaza kwenye majani.

Mtemi. Anacheka, pembe zinameta. Chini yake Mtemi mwingine. Walitoka Watemi ishirini na saba, wote wanacheka, wengine bado wamefungwa fundo na maganda ya ndizi ndani.

Lile neno uchawi, hakuna aliyethubutu kulirudia. Tembo akakohoa, akaomba maji.

"Mtemi, baba," Bi Pimbi akasema taratibu, "mambo ni mawili. Ama wewe ni mchawi, ama hizi ni taka tu, ng'ombe kanusa chakula, fundo likamshinda, kameza na mfuko wake."

"Ni taka," Tembo akasema upesi. "Nilijua tangu zamani. Nilikuwa nawapima."

Wakampigia makofi. Papo hapo akatangaza kila nyumba ichimbe shimo la maganda, na mifuko yote iokotwe, kisha akahutubia juu ya uvumbuzi wake. Kazi ya kuokota akapewa Fisi, maana Nyati alikumbusha kwamba aliyefungua matumbo yale yote alikuwa akionana na Mtemi humo tangu ng'ombe wa kwanza, na alinyamaza akila.

Bi Pimbi hakungoja hotuba iishe. Alimfungua Nakshi, kamba mkononi, mtoto mgongoni, akaenda kukamua.

Taka uitupayo kwa majivuno hurudi na sura yako.