Isale la Ukingo wa Mbingu

Hapo zamani za kale, wanangu, vilima vilipokuwa havijapewa majina, Pimbi mgane aliishi na watoto wake wanne katika pango la mwambani. Pango lilikuwa dogo, lakini sakafu yake ililainishwa na nyayo za marehemu mkewe, na Pimbi hakutaka kulala kwingine.

Siku moja Tembo alikuja, pu, pu, pu, akatangaza kwamba nchi yote ni yake, kuanzia mwamba ule hadi mbingu zinapoishia. Pimbi ahame kabla ya jua kutua.

Akaitwa Kobe, mwamuzi wa mipaka. Akawakumbusha desturi: ardhi huwa ya mtu akishaotesha isale, mmea wa mpaka, kila upande. Tembo aling'oa masale mawili, akachomeka moja mlangoni kwa Pimbi.

"Na la pili, mzee?" Pimbi aliuliza kwa adabu.

"Mwisho wa mbingu."

"Ni umbali gani huo?"

"Zaidi ya miguu yako, kipande cha panya wewe."

Pimbi alikiri kwamba miguu yake ni mifupi. Lakini yupo mpimaji asiyechoka wala kupinda njia, alisema, naye ni mwanga. Akachukua kipande cha ulanga, jiwe ling'aalo kama kioo, akakielekeza juani. Pa! Doa jeupe likatua kwenye genge la mwamba wa jirani. Tembo akalikimbiza kwa mkonga, akicheka kama mtoto.

"Umeona, ndugu mkubwa? Mwanga ukigonga ukingo, doa huonekana. Sasa tuutume mbinguni. Doa likionekana, otesha isale lako, nami nitahama siku hiyohiyo. Kabla ya hapo sihami."

"Rahisi hivyo? Nimekubali. Kobe, shuhudia."

Kobe akashuhudia. Pimbi akaelekeza ulanga juu, penye buluu isiyo na wingu.

Wakangoja. Hakuna doa.

"Limepotea," Tembo alisema.

"Halijapotea, mzee. Liko njiani."

"Litafika lini?"

"Kama mbingu zina mwisho, siku moja. Kama hazina, endelea kushika isale."

Tembo akaketi, kichwa juu, isale mkongani, shingo ikimuuma. Pimbi akawaingiza watoto pangoni wakale. Humo ndani akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, hadi watoto wakaacha chakula na kucheka naye.

Mtaka vyote hadi mwisho, kwanza aujue mwisho uliko.