Pimbi Aliyeomba Zamu ya Mtungi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majembe na viuno vya kuuma kama hiki changu leo, kulikuwa na bonde moja lenye chemchemi. Sogeeni, lakini mtu asinipande miguuni. Nimepalilia mihogo tangu alfajiri na sina nguvu ya kupaza sauti.

Bonde lilikuwa moja, waliolitaka walikuwa wengi. Kwa hiyo kila kiangazi walishindana kulima. Kila nyumba ilipimiwa ngwe yake, kuanzia kwenye kichuguu mpaka kwenye maji. Atakayefikisha jembe majini kwanza, bonde ni lake mpaka kiangazi kingine. Kazi yenyewe haikuwa ya siku moja. Udongo wa pale ulikuwa mgumu, jembe linapigwa na kurudi: ngo! ngo! ngo!

Jioni, baada ya kulima, walikunywa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Kila nyumba ilipika pombe yake ya mtama mapema, na wakapeana zamu za kuleta mtungi. Na mtungi ulikuwa na sheria: mwenye mtungi hanywi mpaka wageni wote waseme, "Basi." Wakishasema, ni lazima naye anywe kilichobaki. Mgeni mmoja akisema bado, mwenye mtungi ateke tena, agawe tena, huku koo lake ni kavu. Ndiyo maana kila mtu aliichukia zamu yake.

Mwaka huo walijitokeza washindani watatu tu. Wa kwanza alikuwa Nyati, mwenye shingo nene na majivuno manene zaidi. Wa pili Kiboko, mwenye kifua kama ghala. Wa tatu, msicheke, alikuwa Pimbi na mkewe, ambao hata mpini wa jembe lao ulikuwa umekatwa ili uwatoshe.

Wanyama wote walicheka. "Pimbi! Utalima au utachimba shimo la kujificha?"

Bi Pimbi hakucheka. Kule kwenye majabali walikokaa, mvua ilikuwa imewakataa msimu baada ya msimu. Nyumbani zilibaki kunde kidogo. Watoto walikuwa wameacha hata kulia njaa, wanakaa juani kimya wakitazama njia. Wasipolipata bonde, wale watoto wasingeiona masika.

Korongo, mwamuzi, akainua bawa. "Haya! Limeni!"

Ngo! Ngo! Ngo! Nyati akaruka nalo jembe kama linamdai yeye peke yake. Vumbi likapanda. Kiboko akamfuata, "Hm! Hm! Hm!" kila pigo na mguno wake. Pimbi na mkewe wakawa nyuma kabisa, wanapokezana jembe, ti, ti, ti. Jua lilipoinama, Nyati alikuwa mbele sana na akina Pimbi bado wanakiona kichuguu vizuri.

"Aaah!" Nyati akajibwaga chini, puu! "Mabega yanawaka moto. Leo mtungi wa nani?"

"Wako," Kiboko akasema.

"Wangu? Niteke pombe kwa mikono hii inayotetemeka? Na nisinywe?"

"Sheria ni sheria, ndugu yangu. Teka."

Bi Pimbi akasogea, akapiga goti. "Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," wakajibu bila kumtazama.

"Mmechoka, naona. Na sisi wadogo tumekwisha shindwa, hilo hata kipofu analiona. Basi nipeni zamu zenu za mtungi. Pombe ni zenu mlizopika, nileteeni tu. Mimi na mume wangu tutakuwa wenye mtungi leo na kila jioni mpaka shindano liishe. Ninyi mnywe, mrudishe nguvu."

Nyati akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Nyati. Kisha wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Kwa hiyo hamtaonja?" Nyati akauliza.

"Mpaka mseme basi."

"Hatusemi!" Kiboko akapiga tumbo lake, du! du! "Mwanamke ana adabu huyu. Pombe ndiyo dawa ya misuli, binti. Leta!"

Bi Pimbi akateka. Gu-gu-gu-gu! Akateka tena. Gu-gu-gu-gu! Chakula kikaletwa, wakakisogeza pembeni. Nani ana haja ya ugali na mtungi umejaa?

Bwana Pimbi alikuwa amekaa pembeni, viganja vimetoka malengelenge. Walipofika nyumbani akashindwa kujizuia.

"Mke wangu, kesho nionjeshe hata nusu kata. Vidole vyangu havikunjiki."

"Hapana."

"Watu wote wanasema pombe inatoa uchovu."

"Inaondoa habari ya uchovu tu. Uchovu wenyewe inauacha palepale."

"Na wewe umejulia wapi?"

"Nani alimpikia marehemu baba yako? Akilima, anakunywa. Akinywa, kesho yake mgongo unamlaza. Mkaniambia karogwa, mkaleta waganga. Mwili, mume wangu, ukilala ndipo unapoanza kujiziba nyufa. Unataka maji, unataka chakula, unataka kuachwa kimya. Wale usiku kucha watakuwa wanatoka kukojoa, na asubuhi midomo itakuwa mikavu na matumbo matupu. Kunywa maji haya. Kula kunde zako. Lala."

"Kunde tu?"

"Kunde tu. Na usinune, watoto wanatuangalia."

Bwana Pimbi akala kunde zake bila raha, akanywa maji, akalala kama gogo. Hata kukoroma alisahau.

Asubuhi Korongo akainua bawa. Nyati akainama. "Uwiii!"

"Nini?" Korongo akauliza.

"Hakuna. Nimesalimia udongo."

Ngo... ngo... Lile jembe la jana likawa limeongezeka uzito. Nyati alikuwa analima kidogo, anasimama, anajishika kiuno, anatafuta maji, halafu anaona aibu kuonekana akitafuta maji. Kiboko macho yalikuwa mekundu, kila mguno umekuwa mrefu kuliko pigo lenyewe. Akina Pimbi hawakuongeza mwendo. Ti, ti, ti. Walichoka, wanangu, msidhani hawakuchoka. Bi Pimbi kuna wakati alilima amefumba macho. Lakini uchovu wao ulikuwa wa leo. Wale wakubwa walikuwa na wa leo juu ya wa jana.

Jioni, dawa ileile. "Leta, binti! Misuli inalia!" Gu-gu-gu-gu! Na kila kulipokucha, misuli ililia zaidi, na kila ilipolia, waliinywesha zaidi. Ngwe ya akina Pimbi ikawa inasogea, inasogea, mpaka kichuguu kikawa mbali nyuma yao.

Jioni ya mwisho ikafika. Nyati alibakiza kipande kidogo sana kufika majini. Kiboko alibakiza kikubwa kidogo. Akina Pimbi walikuwa wanawapumulia visigino. Bi Pimbi akaanza kugawa.

Ghafla Kiboko akaiweka kata chini. Taratibu.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Huyu bwana mdogo anayekaa pembeni kila siku. Mbona anaamka anajinyoosha kama paka, na mimi naamka kama mzigo wa kuni?"

Nyati akageuka kumtazama Bwana Pimbi.

"Na hawa hatujawaona wakionja hata mara moja," Kiboko akaendelea. "Leo mimi nasema basi. Nyati, na wewe sema basi. Wenye mtungi wanywe, tuwaone."

Moyo wa Bi Pimbi ukalia paa! Wageni wote wakisema basi, ni lazima mwenye mtungi anywe, na mtungi ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Nyati naye alikuwa hoi, mdomo umekwisha funguka kusema. Bi Pimbi akawaona watoto wake wamekaa juani kule majabalini. Akatamani kulia. Badala yake akapiga kigelegele.

"Alililililii! Jamani, mmesikia? Mzee Kiboko kasema basi wa kwanza! Kumbe kifua si ukubwa! Mzee Nyati, hongera, baba. Nitawaambia watu wote chemchemini kwamba mtungi ulimshinda Kiboko, haukukushinda wewe."

Nyati akafunga mdomo. Akaivimbisha shingo. "Mimi? Mimi siwezi kusema basi. Bado!"

"Nani kashindwa?" Kiboko akanguruma.

"Wewe," Nyati akasema. "Umesema basi, nimesikia kwa masikio yangu."

"Nilikuwa napima akili zenu! Bado! Na mimi bado! Binti, jaza hiyo kata. Jaza hadi imwagike!"

Gu-gu-gu-gu! Gu-gu-gu-gu! Wakanywa wakitazamana kwa hasira, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme basi, na hakuna aliyesema mpaka mtungi ulipogonga chini, ko! Ugali ukabaki umekauka kwenye ungo wake. Bi Pimbi akauomba uliobaki, wakamwambia chukua tu, sisi tuna dawa. Akaubeba nyumbani. Siku hiyo watoto walikula, na mumewe akala, na yeye akala akiwa amesimama, maana aliogopa akikaa hatainuka.

Kukapambazuka. Wanyama wote walijaa pande mbili za shamba.

"Limeni!" Korongo akasema.

Nyati akapiga pigo moja. Ngo! Akapiga la pili. Maji yalikuwa pale, anayasikia yakitiririka, chururu, chururu. Akainua jembe la tatu, likafika kichwani, likasimama.

"Nyati, shusha!" watu wakapiga kelele.

"Haishuki," Nyati akasema kwa sauti ndogo. "Mikono haishuki. Uwi, kiuno! Mama yangu, kiuno!"

Akaanguka puu! na jembe lake. Kiboko alikuwa amekwisha kaa kwenye ngwe yake, miguu imekaza, mapaja yanarukaruka yenyewe, anayakanda huku anayatukana.

Ti, ti, ti. Ti, ti, ti. Akina Pimbi wakampita Kiboko. Ti, ti, ti. Wakapita karibu na sikio la Nyati. Bwana Pimbi akamwachia mkewe jembe, mkewe akamrudishia, akapiga pigo la mwisho. Chubwi! Jembe likaingia majini.

Hakuna aliyeshangilia mara moja. Hata wao wenyewe hawakushangilia. Bi Pimbi aliingiza miguu kwenye maji, akakaa, akasema, "Waiteni watoto," basi.

"Nakataa!" Nyati akalia pale alipolala. "Korongo, ametulevya huyu! Ametudanganya!"

Korongo akamgeukia Bi Pimbi. "Una la kujibu?"

"Pombe walipika wao," Bi Pimbi akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Mimi nilitega mtego, sikatai. Lakini mlango wa mtego ulikuwa neno moja tu, na walikuwa nalo mdomoni kila jioni."

Korongo akafikiri, akatikisa shingo yake ndefu. "Hakuna sheria iliyovunjwa. Bonde ni la Pimbi."

Watu wakatawanyika. Watoto wa Pimbi wakateremka kutoka majabalini na mbegu zao walizoombewa kwa jirani, wakaanza kupanda siku ileile. Nyati hakuweza hata kuondoka. Bi Pimbi akamwonea huruma, akamchotea maji ya chemchemi. Nyati akanywa, akaomba tena, akanywa. Akala majani aliyoletewa. Akalala palepale, na hakuna aliyemwita kwenye mtungi.

Akalala mchana huo, na usiku wake, na kesho yake pia. Alipoamka akajinyoosha kwa woga, akisubiri maumivu. Hayakuja. Akaliinua jembe lake, likapanda jepesi kama unyoya.

"Nimepona!" akasema. "Niko tayari! Tuanze!"

Akageuka kulitazama bonde. Lilikuwa limepandwa lote, mpaka ukingoni mwa maji.

Na hii ndiyo maana yake, wanangu, kisha mniache nilale: mwili uliochoka ukiupa pombe badala ya mapumziko, kesho utakukatalia mbele ya watu.