Bi Hondo na Ukuta Usio na Tundu

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya nani, ya wagonjwa? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya, sasa nimesikia watu. Palikuwa na nini? Palikuwa na mti, na juu ya mti ndege, na mdomoni mwa ndege maneno. Sogeeni basi.

Hapo zamani, katika pango la mti wa mvule, aliishi Bi Hondohondo na mumewe. Desturi ya hondohondo mnaijua. Jike akitaka kutaga huingia pangoni, akaziba mlango kwa udongo, akabakiza tundu jembamba la kupitisha mdomo. Humo ndani manyoya ya mbawa humnyonyoka yote, hawezi kuruka. Dume ndiye anayemletea chakula mpaka makinda wakue.

Mwaka mmoja ukaingia ukame. Bwana Hondo akawa anarudi jioni na tunda moja tu, na siku nyingine mtupu. Lakini Bi Hondo alimwomba Mungu, wakavuka salama. Alipotoka, ndege wakamzunguka.

"Una imani wewe!" akasema Kasuku. "Imani kama yako sijaiona!"

Loo! Neno hilo likamkolea. Tangu siku ile, akila, imani yangu. Akioga, imani yangu. Hata akipiga chafya, imani yangu.

Msimu wa kutaga ukafika tena. Bi Hondo akaingia pangoni, akaziba kama desturi, akataga, akaatamia. Mayai yalipokaribia kuanguliwa, akaziba na lile tundu, akaziba, akaziba. Hakubakiza tundu.

Siku ya kwanza akaja mumewe, akagonga, go, go, go. "Bi Hondo, Bi Hondo, makuyu yameiva. Nipe tundu nikulishe."

"Nenda zako, bwana. Mwenye imani yangu halishwi kwa tundu."

Kule nje Kasuku akapiga mbawa. "Mmesikia? Hiyo ndiyo imani!" Na Bi Hondo akamsikia vizuri sana, wanangu. Njaa ikapungua kidogo.

Siku ya pili mayai yakaanguliwa, makinda wawili, wekundu, midomo wazi. Go, go, go. "Bi Hondo, Bi Hondo, makuyu yameiva. Nipe tundu niwalishe."

Alitaka kusema ndiyo. Wallahi alitaka. Lakini akamsikia Kasuku akiwaita ndege wengine waje kutazama, akaona haya. "Nenda zako, bwana. Imani yangu inatutosha."

Siku ya tatu, go, go, go. "Mke wangu, nakuomba." Safari hii hakutaja makuyu. Bi Hondo akawageukia makinda. Kinda mkubwa alikuwa akilia, na yule mdogo alikuwa ameacha kulia. Mama akamgusa kwa mdomo, akamwona anapumua kwa shida. Hofu ikamshika, akainamisha kichwa.

"Ee Mola wangu," akaomba, "usiiaibishe imani yangu. Ndege wote wananitazama. Imani yangu isianguke leo."

Ufani mwa ukuta alikuwamo Sisimizi, anapita na shughuli zake. Akasimama.

"Samahani, Bi Hondo. Dua hiyo unamwombea nani?"

"Makinda wangu, nani mwingine?"

"Mbona sikuwasikia humo?" akasema Sisimizi. "Na Mungu mwenyewe umempigia hodi tu, ukaanza kuisimulia imani yako." Akaenda zake. Sisimizi hana muda wa kubishana.

Bi Hondo akaona aibu, si ya ndege, aibu nyingine kabisa, ya kuonwa na Yule anayeona gizani. Machozi yakamtoka.

"Mungu wangu," akasema, "mimi ni ndege nisiye na manyoya. Sina cha kukuonyesha. Watoto hawa ni wako, na mimi ni wako. Tusaidie."

Kisha akaita kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: "Baba watoto! Bado upo?"

"Nipo. Nitakwenda wapi?"

"Basi donoa hapo, nami nadonoa huku."

Wakadonoa, yeye ndani, mumewe nje. Udongo ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama chungu. Ndege wakacheka. "Kumbe! Imani imemwisha!" Bi Hondo akawasikia, akaendelea kudonoa. Mwanga ukaingia. Nyuma ya mwanga likaingia kuyu moja, limepondwa laini, Bi Hondo akampa yule mdogo. Kinda akakaa nalo mdomoni. Wakangoja. Akameza.

Siku zikapita, manyoya yakaota, mama na makinda wakatoka, wote wanne wakatua kwenye tawi. Kasuku, mnamjua, sifa hazimwishi. Akaja mbio.

"Bi Hondo! Imani yako imekuokoa!"

Bi Hondo akamtazama kwa upole.

"Imani yangu, Kasuku, ndiyo iliyoziba tundu. Aliyetuokoa ni Mungu."

Ndiyo hivyo, wanangu. Mwamini Mungu, usiiamini imani yako, maana imani haijawahi kumlisha mtu. Anayelisha ni Mwenyewe, na hupitisha riziki pale anapopenda.

Ngano yangu imefika kwake, nami nafika kwangu. Na wewe uliyetaka kusema bibi ni hodari wa kusimulia, meza hilo neno. Mmeona wenyewe sifa zinavyomfanya mtu.