Bajeti ya Bwana Leseni

Agosti ya mwaka 1996 upepo wa Dodoma uliifagia Nzuguni hadi vumbi likaingia kwenye chumvi. Octavian aliketi mezani akipanga safari ya Malawi. Binti yake Yasinta, muuguzi, alikuwa anaolewa Karonga baada ya wiki tatu.

Octavian alitaka safari ya kati, si ya kifahari wala ya kulala na kunguni. Treni daraja la pili hadi Dar es Salaam, basi zuri hadi Mbeya, chumba chenye bafu ndani, nyama kila siku. Alipojumlisha kwa watu wawili, ikafika laki mbili na elfu themanini. Kiinua mgongo alichopewa alipopunguzwa kazini kilikuwa kimebaki laki moja na elfu thelathini.

Akakata nyama. Akakata soda. Hesabu ikagoma kama punda aliyechoka. Mwishowe akakata jina la mkewe.

Frida, aliyekuwa akipepeta uwele, akachungulia karatasi. "Baba Yasinta, kumbe mimi ndiye rahisi kukatwa?"

"Fedha haitoshi."

"Kamuulize Mwanahawa. Anakwenda Malawi kila mwezi kama anakwenda kisimani."

"Mimi nikamuulize mlanguzi?"

"Ulanguzi uliisha, mume wangu. Siku hizi ni biashara. Kilichobaki ni kiburi chako."

Maneno hayo yalimchoma Octavian. Mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi, yeye akiwa karani wa leseni, alimkamata Mwanahawa na doti kumi na mbili za vitenge chini ya gunia la karanga. Mama yule alilia aachiwe doti moja tu ya kumbebea mtoto. Octavian aliandika stakabadhi bila hata kuinua uso. Tangu hapo walipishana njiani kama jua na mwezi.

Siku mbili alizunguka na karatasi yake. Kila alipoisoma, jina lililokatwa lilimkodolea macho. Siku ya tatu akaenda sokoni, kwenye kibanda cha Mwanahawa.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Leseni!" Mwanahawa akapaza sauti. "Pekua tu, leo sijaficha kitu!"

Wanawake wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko. Miguu ya Octavian ilitaka kugeuka. Akaizuia. Alivua kofia, akachutama hadi usawa wa kigoda alichokalia yule mama.

"Dada Mwanahawa, vile vitenge nilikukosea. Hata cha mtoto sikukuachia. Nisamehe. Nimekuja unisaidie nimfikishe Frida kwenye harusi ya mwanawe."

Kicheko kikakatika. Mwanahawa akanyoosha mkono. "Lete karatasi."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. "Hii posho ya siku kumi na nne ni ya nani?"

"Yangu. Ile nusu posho chini yake ni ya mke wangu."

"Na chakula umekiandika tena hapa chini, na chumba. Sasa hiyo posho anakulipa nani?"

Octavian akaichungulia tena karatasi. Miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kusafiri bila masurufu ya serikali. Mkono wake ulikuwa umeandika posho kwa mazoea, na mlipaji alikuwa yeye mwenyewe!

"Kaka, umejiajiri!" Mwanahawa akasema, na safari hii hata Octavian akacheka. "Na Dar mnafuata nini? Pandeni basi la Iringa kupitia Mtera, kisha Mbeya, kisha Kyela. Pale mtalala kwa Dorothea, mwenye nyumba ya wageni. Shuka nyeupe, maji ya moto ya ndoo, asubuhi uji na chapati. Zawadi ya wakwe iko wapi?"

"Sikuandika. Serikali haitoi fungu la zawadi."

"Serikali haiozeshi binti."

Walipomaliza, jumla ilikuwa laki moja na elfu ishirini na mbili, zawadi ndani, na Frida ndani.

"Nami nina sharti langu," Mwanahawa akasema. "Tunakwenda pamoja, na robota moja la vitenge utalibeba wewe kuvuka daraja la mpakani. Usitetemeke, ushuru nalipa."

Ndivyo ilivyokuwa. Mchana mmoja wa Septemba, msafirishaji mpya alivuka daraja la mto Songwe akiwa na robota mgongoni, mwili umepinda kama jembe, jasho likimtiririka machoni. Afisa mmoja wa forodha alimwambia, "Pole, mzee." Akaitikia kwa unyenyekevu ambao watu wa Nzuguni wasingeuamini.

Ng'ambo ya pili Yasinta alikuwa akingoja. "Shikamoo, baba! Umekuwa mchukuzi?"

"Marahaba. Mama yako yuko nyuma yangu."

Yasinta akampita mbio. Octavian alisikia vigelegele, kisha kilio cha furaha cha wanawake wawili waliokumbatiana. Alikaa vilevile chini ya mzigo, akiwatazama, wala hakuwa na haraka ya kuutua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.