Wiki Yangu ya Ufukweni

Mimi Chande, mjanja kuliko Lindi nzima, niliuziwa na Bosi Ruhinda wiki moja kila mwaka kwenye nyumba ya ufukweni, eti nistarehe na wanangu, nikifa wairithi. Nilishakula sahani saba za pilau ya bure, nikapiga dole gumba kwenye mkataba. Hela ya korosho za mwaka mzima ikaenda. Kumbe wiki yenyewe ni ya masika, mvua mpaka samaki wanatafuta mwamvuli!

Nikarudi na wanangu wanne, wote wana ndevu. "Bosi Ruhinda, nirudishie hela yangu."

"Hairudi, mzee! Hiyo ni mali yako mpaka kufa."

"Mpaka kufa? Haya, ahsante." Nikakohoa kama mgonjwa wa kufa leo, nikamgeukia mwanangu mkubwa. "Pima pale, kando ya bwawa la kuogelea."

"Mnapima nini?"

"Kaburi langu, bosi. Kwetu mtu anazikwa kwenye mali yake. Arobaini yangu wataisomea hapa hapa, na kila mwaka ukoo utakuja kufyekea kaburi. Watu mia tatu tu."

Bosi akawatazama wageni wake waliojilaza kando ya bwawa, akafungua droo. Alinirudishia hela yote, akaongeza na nauli, akanisihi nikafie kwetu.

Akili ile ilikuwa ya mke wangu, Somoe. Mimi nilichangia kukohoa.