Sharti la Bwana Hendriki

Si zamani sana, na waliokuwepo bado wanacheka. Bwana Hendriki alitoka ng'ambo, akafika Kibuyuni na mashine ya kusaga mahindi, akaikalia kama kuku anayeatamia.

"Huu ni msaada," alisema, "ila kwa sharti. Mtoeni Mzee Mbaruku, mchague kiongozi mpya kwa kura."

Watu waliguna. Mzee wao walimpenda, lakini viganja vyao vilikuwa vimeota sugu kwa kutwanga.

Bi Mwanaidi, muuza vitumbua, aliuliza kwa upole, "Na tutakayemchagua, utamkubali?"

"Yeyote yule! Naapa!"

Kura zilipohesabiwa, Bi Mwanaidi alimvisha Bwana Hendriki kilemba. Vigelegele!

"Hongera, kiongozi wetu! Kura zote zimekuangukia wewe. Kwa mila yetu, kiongozi haondoki kijijini mpaka azikwe."

"Azikwe? Mimi nina ndege kesho!"

"Basi jiuzulu. Kiti kitarudi kwa Mzee Mbaruku, nawe utaacha hapa kila ulichokuja nacho."

"Najiuzulu!" Bwana Hendriki alitupa kilemba, akatoka mbio.

Bi Mwanaidi alimfuata akipiga kelele, "Bwana! Na viatu!"